Kobalti haina mbadala pale ambapo Katanga haiuzi

Lubumbashi. Naviundu ni jina la mto, na pia ni jina la kartie mojawapo ya Komyuni Annexe, ile inayouzunguka mji wa Lubumbashi kama ukingo unavyozunguka sahani. Kwa wakazi wake ni nyumbani: nyumba za tofali za kuchoma, vumbi jekundu wakati wa kiangazi, matope mvua zikianza. Kwa wanakemia ni jambo jingine.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya tope walilochota katika bonde la mto Naviundu, katika mito ya Luano na Ruashi, na kwenye chemchemi ya Luwowoshi. Walikuta tope hilo limebeba metali nzito, zikiwamo kobalti na shaba, na wakalihusisha na uchimbaji na usafishaji wa madini, unaoendelea na ule uliokwisha kusimama. Kobalti ile ile inayopiganiwa na viwanda vya magari na ndege duniani, hapa imelala chini ya maji bila mwenyewe.

Sasa kuna swali ambalo wengi wa Katanga hawakulisoma shuleni, ingawa mkate wao unalitegemea: kobalti ina nini ambacho metali nyingine haina?

Februari 22, 2025, Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilifunga mlango, kobalti isitoke nchini kwa miezi minne. Soko lilikuwa limefurika na bei imeshuka chini ya dola 10 kwa pauni. Katazo likaongezwa, likaongezwa tena, hadi Oktoba 16 lilipogeuzwa kuwa mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa mwaka, 2026 na 2027. Msimamizi wa mgawo huo ni ARECOMS, mamlaka ya kudhibiti masoko ya madini ya kimkakati. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Kwa nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, hiyo ni nguvu, na wapo wanaosema ilichelewa kutumika.

Lakini nguvu ya muuzaji hupimwa kwa jambo moja: je, mnunuzi ana pengine pa kwenda? Kwa kobalti, pengine hapo pana jina. Panaitwa nikeli.

Majirani wa ukuta mmoja

Kwenye jedwali la elementi, kobalti ni namba 27 na nikeli ni namba 28. Hata majina yao yana asili moja. Wachimbaji wa Kijerumani wa zamani walikuwa wakikuta mawe yanayong’aa kama fedha au shaba, wakayatia tanuruni, wakapata moshi wenye sumu tu. Wakasema yamerogwa. Moja wakaliita kwa jina la Kobold, jini la migodini. Jingine wakaliita shaba ya Nickel, yaani shaba ya ibilisi. Georg Brandt wa Sweden aliitambua kobalti kuwa metali katika miaka ya 1730, na Mswidi mwenzake Axel Fredrik Cronstedt akaitoa nikeli mwaka 1751.

Katanga nayo imo katika ukoo huu. Mwaka 1945 Paul Kerr, mtaalamu wa madini wa Marekani, alieleza kwa mara ya kwanza mawe mawili mapya kutoka huku. Moja ni la kobalti na salfa, lililopatikana Shinkolobwe. Lilipewa jina cattierite kwa heshima ya Félicien Cattier, mkubwa wa Union Minière du Haut-Katanga. La pili ni la nikeli na salfa, kutoka Kasompi, likaitwa vaesite, kwa jina la Johannes Vaes, mtaalamu wa madini wa kampuni hiyo hiyo. Kwa ndani mawe hayo yana umbo moja. Ukitoa kobalti ukaweka nikeli, umehama kutoka moja kwenda jingine. Waliochimba, kama kawaida, hawakupewa jiwe.

Ukizipima metali zenyewe, tofauti ni ndogo mno. Zote zina uzito wa gramu 8.9 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Kobalti huyeyuka kwenye nyuzi 1,495 za Selsiasi, nikeli kwenye 1,455. Zote hunaswa na sumaku, ila hapo ndipo zinapoanza kuachana: nikeli ikifika karibu nyuzi 355 husahau usumaku wake, kobalti huushikilia hadi nyuzi 1,120 hivi, kuliko elementi nyingine yoyote.

Tofauti kubwa imejificha katika mpangilio wa atomu. Nenda soko la Kenya (Kenya hii ni komyuni ya Lubumbashi, si nchi) umtazame mama anayepanga machungwa. Tabaka la pili la machungwa hukaa kwenye vibonde vya tabaka la kwanza. Akifika la tatu ana njia mbili: alipange sawasawa juu ya la kwanza, au alisogeze likae kwenye vibonde vingine. Nikeli hufuata njia ya pili daima, tangu baridi hadi inapoyeyuka. Kobalti hubadili mawazo. Chini ya nyuzi 420 hivi hufuata njia ya kwanza, na ikipata moto zaidi huhamia ya pili.

Jambo hilo dogo la machungwa ndilo linaloamua mengi yanayofuata. Mpangilio wa nikeli huruhusu matabaka kuteleza kwa njia nyingi, kwa hiyo nikeli hukubali kupigwa, kuvutwa na kukunjwa. Kobalti ni kaidi. Ni kazi kuikunja, lakini ukaidi huo huo huifanya isilike upesi. Uso wake ukisuguliwa hujipanga upya na kuzidi kuwa mgumu.

Wahandisi waliona faida ya pande zote. Ndani ya aloi nyingi za kobalti za kustahimili joto hutiwa nikeli, asilimia 10 hadi 22, ili atomu zitulie kwenye mpangilio mmoja. Ndani ya aloi nyingi za nikeli hutiwa kobalti, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Ni majirani wanaoazimana chumvi kila siku.

Panga linalozunguka na panga lililosimama

Mahali ambapo metali hizi mbili hupimwa bila huruma ni ndani ya injini ya ndege. Gesi inayotoka kwenye chumba cha kuchomea huwa na joto kubwa kuliko kiwango cha kuyeyusha aloi yenyewe. Mapanga ya turbini huokolewa na hewa baridi inayopitishwa ndani ya vijitundu vyake. Papo hapo yanazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na katika injini kubwa kila panga huvutwa kwenda nje kwa nguvu ya zaidi ya tani 10. Metali iliyo katika hali hiyo hurefuka taratibu, siku baada ya siku, kama mpira uliotundikiwa mzigo. Ikirefuka kidogo zaidi ya ilivyoruhusiwa, panga linagusa ukuta wa injini.

Katika kazi hii nikeli imeshinda, na siri yake ni alumini. Nikeli ikichanganywa na alumini na titani, ndani yake hujiunda vitofali vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa na atomu tatu za nikeli kwa moja ya alumini. Katika aloi bora za mapanga vitofali hivyo hujaza hadi theluthi mbili ya metali yote, na nikeli iliyobaki huvishika kama udongo unavyoshika tofali ukutani. Ajabu yake ni hii: metali nyingi hulegea kadiri zinavyopata moto, lakini vitofali hivi huzidi kuwa vigumu hadi karibu nyuzi 800. Huanza kuyeyukia ndani ya nikeli joto likipita nyuzi elfu moja na mia na ushee.

Kobalti haikuwa na vitofali. Aloi zake za kawaida hutegemea kabaidi, yaani chembe ngumu za kaboni na kromiamu au tungsteni zilizotawanyika ndani yake, pamoja na atomu kubwa za tungsteni zinazozuia matabaka yasiteleze. Ni kinga nzuri, ila si sawa na ukuta wa tofali. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walitangaza katika jarida la Science kwamba wamepata vitofali vya namna hiyo ndani ya kobalti iliyotiwa alumini na tungsteni. Maabara nyingi zikaifuata njia hiyo. Hata hivyo, mapanga yanayozunguka ndani ya ndege tunazozipanda bado ni ya nikeli.

Basi kobalti imebaki na nini humo? Imebaki na mapanga yaliyosimama. Mbele ya kila safu inayozunguka kuna safu isiyozunguka inayoielekeza gesi. Hii haivutwi kwa nguvu nyingi, lakini ndiyo inayopigwa na moto wa kwanza, ikipashwa na kupoa, kupashwa na kupoa. Hapo aloi za kobalti zimetumika kwa miongo mingi. Hazina nguvu nyingi kwenye joto la kati, ila nguvu kidogo zilizo nazo hazishuki ghafla joto likizidi, kwa kuwa hazitegemei vitofali vinavyoyeyuka.

Kuna pia suala la salfa, ambalo mtu wa Katanga hana haja ya kuelezwa, kwani mawe ya huku yamejaa salfa. Mafuta machafu na chumvi ya baharini huleta salfa ndani ya injini. Salfa ikikutana na nikeli hutengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 640 hivi tu, chini kabisa ya joto la kazi. Ni kama kidonda kinachochimba kwa ndani. Mchanganyiko wa namna hiyo kwa kobalti huyeyuka karibu na nyuzi 880. Ongeza hapo kwamba aloi za kobalti hubeba kromiamu nyingi, asilimia 20 hadi 30, ambayo ndiyo ngao dhidi ya kutu ya moto, na utaelewa kwa nini wenye mitambo iliyo karibu na bahari huiheshimu kobalti.

Na kuna jambo ambalo fundi yeyote wa kuchomelea atalipenda. Aloi ya nikeli yenye alumini na titani nyingi lazima iyeyushwe mahali pasipo na hewa, na ukijaribu kuichomelea hupasuka. Aloi nyingi za kobalti huyeyushwa na kumiminwa hewani, na zikipasuka huungwa.

Mei 1978

Hadithi ya jinsi nikeli ilivyoingia katika nafasi za kobalti ina tarehe, na tarehe hiyo ni ya hapa hapa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba.

Mei 13, 1978, wapiganaji wa FNLC waliotokea Angola kupitia Zambia waliuteka mji wa Kolwezi. Siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Walioishi siku hizo hawazikumbuki kwa sababu ya bei ya metali, wanakumbuka maiti. Lakini katika ofisi za wanunuzi wa Marekani na Ulaya hofu ilikuwa moja: karibu nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwenye nchi moja, na njia yake yaweza kukatika kwa juma moja. Bei rasmi, iliyokuwa karibu dola 7 kwa pauni mwanzoni mwa mwaka 1978, ikafika dola 25 mwaka 1979. Kwenye soko huria ilipita dola 40.

Uzalishaji ulirejea upesi. Imani haikurejea.

Wa kwanza kuondoka walikuwa watengenezaji wa spika. Hadi wakati huo spika nyingi za redio zilitumia sumaku za alniko, aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Ndani ya muda mfupi wakahamia sumaku za ferati, ambazo ni oksidi ya chuma na vitu vingine vya bei nafuu. Ni dhaifu zaidi kwa ukubwa ule ule, lakini hazikutegemea habari za Kolwezi. Soko hilo halikurudi tena.

Waliofuata ni watu wa injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilianzisha programu iliyoitwa COSAM ya kutafuta namna ya kupunguza metali adimu katika injini za ndege, kobalti ikiwa mbele ya orodha. Walichukua aloi za nikeli zinazojulikana, wakapunguza kobalti hatua kwa hatua na kuweka nikeli mahali pake, kisha wakapima kila kipande. Mfano ni Waspaloy, yenye kobalti asilimia 13 na nusu hivi. Matokeo yake, kwa Katanga, yalikuwa habari mbaya: katika baadhi ya aloi, Waspaloy ikiwamo, sehemu kubwa ya kobalti ingeweza kuondolewa na nguvu isipungue sana.

Tayari ilikuwapo aloi ya Inconel 718, iliyotengenezwa na kampuni ya nikeli ya INCO miaka ishirini hivi kabla, ikiwa na nikeli karibu nusu, chuma, kromiamu na niobiamu kidogo, bila kobalti ya maana. Ina mpaka wake, nyuzi 650 hivi, lakini ndani ya mpaka huo ni imara, huchomeleka, na imekuwa aloi inayotumika kuliko nyingine katika diski na maganda ya injini.

Mwandishi wa makala haya haoni tofauti kubwa kati ya hadithi hiyo na ile ya betri za magari tunayoishuhudia sasa. Betri si aloi, ila mwendo ni ule ule. Zilianza na nikeli, manganizi na kobalti kwa mafungu sawa. Bei ya kobalti ilipopanda zikahamia mafungu nane ya nikeli kwa moja la kobalti. Kisha zikaja zile za chuma na fosfeti, ambazo hazina nikeli wala kobalti, na zimeshika sehemu kubwa ya magari ya China. Kila bei inapopanda kwa kishindo, kuna mhandisi mahali fulani anayepewa kazi ya kuiondoa kobalti. Na nikeli ni nyingi: dunia huchimba zaidi ya tani milioni tatu kwa mwaka, zaidi ya nusu ikitoka Indonesia, wakati kobalti yote haifiki hata tani laki nne.

Kazi ambazo nikeli imeshindwa

Ingekuwa hivyo tu, Katanga ingekuwa na kila sababu ya kuhuzunika. Lakini wale wahandisi walipomaliza kuondoa kobalti palipoondoleka, walikuta mahali ambapo hakuna cha kuweka.

Mahali pa kwanza ni penye msuguano. Mwaka 1907 Elwood Haynes, mvumbuzi wa mji wa Kokomo nchini Marekani, alipata hataza ya aloi ya kobalti na kromiamu. Baadaye aliongeza tungsteni. Aliiita Stellite, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyota, kwa jinsi ilivyong’aa bila kuchujuka. Hadi leo midomo ya valvu za injini kubwa na za mitambo ya mvuke hupakwa aloi za ukoo huo kwa kuchomelea. Vipande viwili vya nikeli vikisuguana kwa moto bila mafuta huelekea kung’ang’aniana na kuchanana. Vya Stellite huteleza. Wenye vinu vya nyuklia wametamani kwa muda mrefu kuiacha, maana vumbi lake likiingia kwenye kinu hugeuka kobalti-60, yenye mionzi mikali, inayochukua zaidi ya miaka mitano kupungua kwa nusu. Mbadala wa nikeli na wa chuma upo, na umeanza kutumika, lakini kwenye valvu nyingi ngumu bado hawajaridhika.

Pa pili ni penye meno ya kutobolea mwamba. Meno hayo ni punje za kabaidi ya tungsteni, ngumu karibu na almasi, lakini peke yake huvunjika kama kigae. Katika miaka ya 1920 Wajerumani waligundua kwamba ukitia kobalti kidogo, chini ya asilimia 15, ikiyeyuka hupenya katikati ya punje na kuzishika. Nikeli hufanya kazi hiyo pia, na huchaguliwa penye asidi nyingi, ila jino lake kwa kawaida halina nguvu sawa. Kwa hiyo huko Kolwezi na Fungurume, mwamba wa kobalti hutobolewa kwa meno yaliyoshikwa na kobalti. Meno hayo huja kutoka ng’ambo.

Pa tatu ni ndani ya mwili wa binadamu. Nyonga na magoti bandia mengi hutengenezwa kwa kobalti, kromiamu na molibdenamu, aloi iliyoanza kwa madaktari wa meno katika miaka ya 1930. Hailiki, haishiki kutu kwenye damu. Nikeli huwekewa mpaka mkali katika aloi hiyo, kwa kuwa ni miongoni mwa metali zinazowasha ngozi za watu wengi. Wenye kuvaa hereni za bei rahisi wanaijua habari hiyo.

Na mahali pa nne ni kule kule kwenye ndege. Pamoja na kazi yote ya NASA, kobalti haikwisha ndani ya injini. Kwa takwimu za Idara ya Jiolojia ya Marekani, karibu nusu ya kobalti inayotumika nchini humo huingia katika aloi za joto kali, hasa za injini za ndege. Mapanga mengi ya kisasa ya nikeli bado yana kobalti asilimia tisa, kumi au zaidi.

Kinachoondoka ni unga

Hapa ndipo hesabu ya Lubumbashi inapokuwa chungu. Watumiaji hao wa valvu, meno ya kabaidi, nyonga na mapanga, ambao ni wagumu kuiacha kobalti, hununua kobalti ya metali iliyo safi au unga wake uliosafishwa kwa makini. Kwa aloi za injini usafi ni jambo la kufa na kupona: chembe chache za risasi au bismuthi katika kila milioni zinatosha kulipasua panga.

Kinachotoka Katanga kwa wingi leo ni hidroksidi, unga wenye kobalti asilimia 30 hivi, unaojazwa kwenye magunia makubwa, ukapandishwa malori hadi Kasumbalesa na kuendelea kwenye bandari za Durban na Dar es Salaam. Sehemu kubwa husafishwa China, na nyingi huishia kwenye betri. Yaani jimbo linauza zaidi kwa mteja ambaye ni rahisi kwake kuondoka.

Haikuwa hivyo siku zote. Gécamines ilikuwa ikitoa kobalti ya metali kamili katika viwanda vya Luilu, Kolwezi, na Shituru, Likasi. Kabla yake, katika miaka ya 1920, matanuru ya umeme ya Union Minière kule Panda yalitoa kile kilichoitwa aloi nyeupe, mchanganyiko wa kobalti, shaba na chuma, ukapelekwa Olen, Ubelgiji, kutenganishwa.

Aloi nyeupe ilirudi mjini Lubumbashi wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tanuru kubwa la umeme la STL, kampuni ambayo sasa ni mali ya Gécamines, lilijengwa kando ya ule mlima mweusi unaoonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Mlima huo ni mavi ya tanuru za shaba zilizoanza kazi mwaka 1911, na ndani yake kulikuwa na kobalti ambayo Wabelgiji hawakujua au hawakutaka kuitoa. Tanuru liliutafuna mlima, likatoa aloi ya kobalti, na aloi hiyo ikapelekwa Kokkola, Finland. Ni aloi, ndiyo, lakini si ya kutengenezea kitu. Ilikuwa njia ya kusafirisha metali kwa uzito mdogo ili wengine wakaitenganishe.

Tanzania imo katika mtihani unaofanana na huu kwa upande wa nikeli. Mradi wa Kabanga wilayani Ngara, chini ya kampuni ya Tembo Nickel iliyoundwa kwa makubaliano ya Januari 2021, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, una mawe ya nikeli yenye shaba na kobalti ndani yake, na mpango ulitaja kiwanda cha kusafisha Kahama. Uganda ilikwisha kujaribu: kuanzia 1999 kiwanda cha Kasese kilitumia bakteria kuitoa kobalti kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, na kilitoa metali, si unga. Mabaki yalipokwisha, kikafungwa.

Nchini DRC mazungumzo ya ngazi ya juu ni ya betri. Mwaka 2022 kituo cha utafiti wa betri kilianzishwa Lubumbashi, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na nchi ilikuwa na mkataba na Zambia wa kujenga mnyororo wa betri. Ni jambo jema. Ila ukiuliza ni wapi unapofundishwa uyeyushaji wa aloi za kobalti, au ni karakana gani ya Likasi inayoweza kumimina kiti cha valvu cha kobalti kwa mitambo ya migodi inayoizunguka, mazungumzo huwa mafupi. Na kumbuka, aloi hizo humiminwa hewani.

Turudi Naviundu. Mwaka 2010 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza iliwataka madaktari wawafuatilie wagonjwa wenye nyonga za metali kwa metali, kwa sababu vipande viwili vya aloi ya kobalti vilivyosuguana vilikuwa vikidondosha kobalti kwenye damu. Mgonjwa akikutwa na mikrogramu 7 kwa lita, hupimwa tena baada ya miezi mitatu, na hupigwa picha kuangalia nyama inayoizunguka nyonga.

Mwaka mmoja kabla, 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walikuwa wamechapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watoto wakiwamo. Mkojo si damu, na vipimo hivyo haviwekwi kwenye mizani moja. Waliandika kwamba kiwango cha kobalti walichokikuta kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi kiwandani. Novemba 2025 Serikali ilisimamisha shughuli za kiwanda kimoja cha madini mjini Lubumbashi baada ya maji machafu kumwagika kwenye makazi ya watu. Hakuna hata mmoja wa wakazi hao aliyekuwa amewekewa nyonga.